Pumzi Kumi na Sita

Nilibeba machela miaka kumi na tisa, mgongo ukagoma. Wakanipa chumba nyuma ya gereji, niandike kitabu cha mafunzo na kufundisha wahudumu wapya wa ambulensi. Kila fomu ya mgonjwa inayorudi hapa kituoni naisoma, na simwamini mtu.

Yupo mmoja niliyemfundisha, tunamwita Mpole, baba wa watoto wawili. Machale yalinicheza juu yake. Wagonjwa wake wote, hata wa pumu, eti wanapumua mara kumi na tano, kumi na sita kwa dakika, kama waliolala. Muuguzi wa mapokezi ya hospitali akanilalamikia: mama mmoja aliachwa kwenye benchi kwa kuwa fomu ilisema anapumua vizuri, akaponea chupuchupu. Nikasema huyu bwana anabuni tarakimu, na ule upole ndio ukanizidishia shaka.

Nikaandika barua ya kumfukuzisha kazi, nikaitia mfukoni, nikapanda naye gari nimkamate. Mume wangu alinionya nisimkatie mtu riziki kwa kuhisi tu. Nikamwambia ashike lake.

Tukamchukua mzee anayehema. Mpole akamwekea oksijeni, akatazama saa, midomo ikihesabu. Nami nikahesabu kimyakimya. Alihesabu kweli, hakuruka hata moja. Kisha akaandika kumi na sita.

"Hiyo kumi na sita umeitoa wapi?"

"Sekunde thelathini, mwalimu. Kama kitabu kinavyosema."

"Halafu huzidishi mara mbili upate dakika nzima?"

Akanitazama. "Kuzidisha kitabuni hakumo. Na darasani ulimfokea aliyetaka kuuliza."

Nikanywea. Niliwapigia mapokezi wamwandalie mzee kitanda haraka, tukamfikisha salama. Kurudi chumbani nikafungua kitabu, toleo jipya nililolifupisha mwenyewe kwa sababu watu hawasomi. Mstari wa kuzidisha niliukata mimi, nikijiambia nani asiyejua hilo.

Nikaitoa ile barua, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake majina ya darasa la Mpole, la kwanza kusomea toleo hilo. Wenzake kumi na wanane, wote vituo vya mbali, fomu zao sijawahi kuziona. Niliona aibu, niliogopa, nikaanza kupiga simu.

Wa kwanza alisema hawezi kuongea, ana mgonjwa garini. Nikamuuliza anapumua mara ngapi.

"Kumi na saba, mwalimu. Yuko vizuri tu."