Maneji Iliyoinama

Mpaka juzi, kila mutu mwenye umri wa watoto wangu akipita mbele ya parsele yetu, kiwanja cha nyumba yetu, lazima asimame. Anaangalia nguzo yetu iliyoinama, anacheka peke yake, kisha anapiga hodi. Mimi niko nachagua maharagi, sina nafasi ya wageni wa namna hiyo. "Mama, muzee iko? Mumwambie ni mimi, ule alitapikia katekista." Nitamukumbuka vipi? Waliotapika walikuwa wengi. Halafu anaanza kusifu. Zamani ilikuwa tamu, zamani tulikuwa tunapaa juu ya mabati, tunaona ziwa lote. Mutu ana ndevu na tumbo, ana watoto wanaomuita papa, lakini akiiona nguzo ile anakuwa mujinga kidogo.

Mimi siku hizo nilikuwa nasukuma. Aliyepanda anakumbuka upepo. Aliyesukuma anakumbuka bega.

Nieleze, maana si kila mutu alikuwako. Mume wangu ni fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za magurudumu mawili, zisizo na injini wala pedali, ambazo vijana wanateremka nazo kutoka Kibati na muzigo wa makala ya kupikia au viazi, goti moja juu ya ubao. Amezichonga maisha yake yote. Zamani, tukiwa bado na watoto wawili tu, aliona picha kwenye kalandriye ya duka moja: reli imepanda kama mulima, imeshuka ghafula, na Wazungu wamekaa ndani ya vigari vidogo, mikono juu, midomo wazi. Mimi nilidhani ni ajali. Yeye akasema hapana, hawa wamelipa. Nikamuuliza nani analipa ili aanguke. Picha ile aliikata, akaibandika juu ya kitanda chetu, na mimi nikawa nalala chini ya watu wanaopiga kelele.

Reli hatukuwa nazo. Akatafuta akili nyingine. Alichimbia nguzo ya muti mugumu katikati ya uwanja, lakini hakuisimamisha wima kama watu wanavyofanya. Aliiinamisha kwa makusudi. Juu yake akatia rulma ya lori lililokufa, ile pete ya chuma inayozunguka ndani yake yenyewe, akaipaka mafuta ya mawese, na juu ya rulma akafunga mikono minne mirefu ya mbao. Mwisho wa kila mukono, kiti chenye pembe kama za chukudu, za kushikia. Kwa sababu nguzo imeinama, kiti kikienda upande mumoja kinapanda polepole, polepole, mpaka unaona ziwa. Kikigeuka upande wa pili kinaanguka, na tumbo lako linabaki juu. Unakaribia kugusa muchanga na miguu, kisha unapandishwa tena. Hiyo ndiyo maneji yetu, pembea ya kuzunguka. Watu walitoka hata Rutshuru, wakija sokoni, wakapita kwetu kwanza.

Nani alikuwa anazungusha? Mimi na yeye. Tunasimama upande wa chini, mukono wa mbao ukifika tunausukuma, unaofuata tunausukuma, tangu misa ya kwanza mpaka jua lizame. Siku ya Mungu ambayo wengine walipumzika, mimi nilirudi ndani na kitenge kimejaa mawese. Watoto walitoa walichokuwa nacho, franka au muwa. Walipiga kelele za kuogopa, wakishuka wanarudi kwenye mustari. Sisemi zamani ilikuwa paradiso. Kulikuwa njaa, kulikuwa askari wa kuiba kuku. Lakini watu walikuja.

Kisha mulima ukatoa moto, na moto ukashuka ndani ya muji. Siku ile ya kukimbia nilimufunga mutoto mugongoni, sufuria kichwani. Nikageuka kumutafuta muzee achukue godoro, nikamuona anatoka na rulma begani. Godoro likaungua. Tulilala chini ng'ambo ya mupaka, upande wa Gisenyi, na chuma kile kikiwa katikati yetu kama mutoto muchanga.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya mawe meusi, na mawe yalikuwa bado na joto. Kila mutu alitafuta kwanza bashi, turubai ya kujifunika. Muzee alitafuta kwanza ufa ndani ya jiwe wa kusimamishia nguzo mpya. Nyumba yangu ilipata paa baada ya maneji, na hilo nimemukumbusha kila mwaka tangu wakati ule. Alivunja mawe kwa nyundo, akasawazisha mahali pa kuzungukia, akamwaga udongo juu. Hapo peke yake ndipo parsele yetu iko tambarare. Pengine pote ni mawe yaliyosimama kama meno.

Ikazunguka miaka kadhaa. Kisha kiuno chake kikakataa, bega langu likakataa, na watoto wa muji wakapata telefone. Mikono ya mbao ilitoka mumoja mumoja. Mumoja ukawa kitanda, mumoja ukatengeneza mulango, mumoja sijui ulikwenda wapi. Wa mwisho niliufanya wa kuanikia nguo. Ikabaki nguzo, imeinama kama mutu anayesikiliza mambo ya jirani.

Sasa ndio tufike kwenye shida.

Binti yetu aliolewa Rutshuru. Vita vilipofika kwao alitoka na watoto wanne. Mume wake alibaki kuangalia shamba, tunapata habari zake mara moja moja. Walipata nafasi juu ya lori lililojaa magunia. Binti yangu alinieleza huku akimenya viazi, bila kuinua uso: kwenye miteremko lori lilikuwa linakimbia bila frein, bila breki ya kueleweka, na watu wote juu wanasali kwa sauti. Aliwafunga watoto kwenye vyuma vya lori kwa kamba ya magunia. Kuna mama mumoja hakuwa na kamba. Hapo binti yangu alichukua kiazi kingine, na mimi sikumuuliza.

Walilala kwanza kambini upande wa Kibati, kisha wakaja kwetu. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Binti yangu na watoto wake wanalala pale tunapopikia mvua ikinyesha, na mabati ya pale yanavuja. Wa mwisho alianza kukohoa. Nilisikia kikohozi kile, nikahesabu ndani ya kichwa changu mahali pote pa parsele panapoweza kusimama chumba cha mbao. Palikuwa mahali pamoja tu, pale penye nguzo.

Nilimwambia muzee akiwa amemaliza kula, maana ukimwambia kabla hatakula.

"Pale njo tutajenga chumba cha mutoto."

"Pale wapi?"

"Unajua pale wapi."

Akasema nyuma kuna nafasi. Nikasema nyuma kuna mawe. Akasema mawe yanavunjwa. Nikamuuliza atavunja nani, yeye na kiuno chake, au mimi, au mafundi tutakaowalipa na nini, banki zimefungwa kwa sababu ya vita. Akasukuma sahani kando, akasema, "Nguzo haiombe chakula."

"Haiombe. Lakini inalala peke yake mahali batu batano bangelala."

Akainuka, akaenda kusimama karibu nayo, mugongo kwetu. Binti yangu akaninong'oneza kwamba niache, atatafuta mahali pa kupanga. Nilimwambia anyamaze, yeye na kikohozi cha mutoto wake si wapangaji.

Habari ilienea mutaani. Majirani wote wakawa upande wa muzee. Mumoja, dereva wa moto, zile pikipiki za kubeba watu, alikuja mpaka kwenye moto wangu wa kupikia kuniambia kwamba kitu kile ni ukumbusho, kisiondolewe. Nikamwambia vizuri, uje na wenzako muichukue, muisimamishe kwenu, karibu na kitanda cha muke wako. Alicheka, lakini aliondoka.

Ndipo muzee akaleta neno lake. Alisema tuwaache wajukuu wapande kwanza. Hawajawahi kupanda. Wakishapanda, watakataa wenyewe nguzo itoke, na mama yao atakubali kungoja mpaka yeye, muzee, apate nguvu za kuvunja mawe ya nyuma. "Kama habatapenda," akasema, "mutaing'oa."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana. Miaka hii yote nimebishana na mutu yule, na bega ni lile lile. Binti yangu alikuwa anaangalia mawingu upande wa mulima.

Wiki ile muzee alikuwa kijana. Alinyang'anya muti wangu wa kuanikia nguo. Alitoa rulma chini ya kitanda, imefungwa ndani ya gunia, imelowa mafuta, inang'aa. Sikujua kwamba alikuwa bado anaipaka. Alichonga kiti kipya kwa tezo. Alifunga jiwe upande wa pili wa mukono ili uzito ulingane. Ukimuita kula anasema nakuja. Nguo zangu nilizianika juu ya mawe.

Siku ya Mungu, baada ya misa, watu wakajaa. Wote ni wale wa zamani, wenye ndevu zao. Wengine walileta watoto wao waone. Dereva wa moto alijitolea kusukuma, nikamwambia leo ndio utajua.

Mujukuu wetu mukubwa alipanda wa kwanza. Alicheka, alipiga kelele, watu wakapiga makofi. Muzee aliniangalia kama mutu aliyekwisha kushinda kesi. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mulango na yule wa kukohoa mugongoni. Alipoona kijana wake anacheka, alicheka naye kidogo, kisha akaingia ndani.

Akafuata wa pili, musichana. Huyu haongei sana. Muzee alimuinua mwenyewe, akamuweka kwenye kiti, akamuonyesha pa kushika. "Utaona ziwa," babu yake akamwambia. "Usiogope kitu, koko yako iko hapa."

Kiti kikapanda. Mutoto hakuangalia ziwa. Alikuwa anaangalia mukono wa mbao, mahali ulipofungwa. Kilipogeuka na kuanguka, hakupiga kelele. Watu walikuwa wanangoja kelele, kwa sababu hapo ndipo kila mutu anapiga. Kikapanda tena, kikaanguka tena, na mimi nikasikia kitu, nikadhani ni rulma inayolia. Alikuwa ni yeye. Alikuwa anasali Salamu Maria, wazi wazi, neno kwa neno, kama mutu mukubwa kwenye mazishi. Kila mara alipofika "saa ya kufa kwetu" alianza upya.

Nilimwambia dereva asimamishe. Akasimamisha, naye uso wake umebadilika.

Muzee akamushusha. Mutoto alisimama chini, akanyoosha nguo yake ya robe, akamwambia bila kulia, "Koko, mudogo wangu asipande. Hapa hamuna kamba."

Muzee hakuelewa. Alimuuliza kamba gani. Mutoto akamueleza, kwa upole, kama unavyomueleza muzee: ya kumufunga. Kisha akaenda ndani kwa mama yake.

Mumoja katika watu akasema atazoea, wapandishe wengine. Muzee akawaambia, "Muende kwenu. Imekwisha." Wakaondoka mumoja mumoja.

Muzee alikaa juu ya jiwe mpaka chakula kikapoa. Nilimupelekea maji, nikakaa naye, jambo ambalo sifanyi sana kwa sababu magoti yangu kuinuka ni kazi. Nilimueleza habari ya lori yote, na ya yule mama asiyekuwa na kamba. Mimi nilikuwa nimemuficha, nikidhani ana mambo yake ya kutosha.

Akasikiliza. Mwishowe akasema, "Bale ba zamani, mbona bao balipenda?"

"Walikuwa wanatoka kwao hawajaogopa bado," nikasema. "Walikuja kwetu kuonja woga."

Alikunywa maji yale yote, akanirudishia kikombe.

Kesho yake asubuhi nilitaka kuita vijana wawili wa mutaa na musumeno. Akakataa, akasema vijana wanakata vibaya. Alishusha mukono mwenyewe, akatoa rulma, akaiweka kando juu ya gunia. Kisha akapiga chini, akigonga kabari za mawe alizozigongomea mwenyewe miaka ile mawe yakiwa na joto. Zilitoka kwa shida. Alipumzika mara nyingi, mukono kwenye kiuno, na kila mara nilijiambia sasa ataniambia ameghairi. Dereva wa moto alipita, akasimamisha moto yake, akaja kusaidia bila kuulizwa. Nguzo ilipoanguka haikufanya kelele nyingi. Uwanja ukawa mukubwa kuliko nilivyodhani.

Binti yangu alitoka na ufagio. Alisimama pembeni, hakuthubutu kusogea, macho chini, kama yeye ndiye aliyemuulia baba yake kitu.

Muzee alichukua tezo, akachora mustari kwenye udongo, akachora mwingine, akazunguka mpaka chumba kikaonekana. Kisha akamuuliza binti yake, "Mulango unautaka upande gani?"

Akasema upande wa ziwa. Muzee akasema upande wa ziwa ndiko mvua inatoka, hana akili. Binti akasema lakini kuna mwanga. Muzee akasema mwanga haukaushe magodoro. Wakaendelea hivyo, mumoja na tezo, mumoja na ufagio, na mimi nikaenda kutafuta mahali pengine pa kuanika nguo.