Yuda Mwenye Pua ya Remigius

Alizaliwa huku kwetu Uchaggani, kijijini Kilema, mwaka 1899, wakati wa masika, binti wa tatu wa mzee Melkior, na wamisionari wakambatiza Mektrida. Wanaosema alikuwa mpole tangu utotoni hawakumjua. Kwa masizi na udongo mwekundu alichora ukutani mbuzi wa jirani, na jirani akaja kumdai mbuzi wake. Mama yake alimchapa kwa kuchafua ukuta, kisha akaita watu waje kuutazama. Aliolewa, akazaa saba, akafiwa na mume, akalea wajukuu kumi na tisa. Uhuru ulipokuja, mwaka 1961, alichora mlima kwenye nyumba yake, akalalamika kwamba theluji imemmalizia chokaa yote.

Wito wenyewe ulimjia uzeeni, mwaka 1980, Padre Basili alipomwomba achore Karamu ya Mwisho ukutani, nyuma ya altare ya kanisa la kigango. Bibi alisema hamjui mtu hata mmoja wa Yerusalemu, hivyo mitume watakuwa na sura za watu wa hapa. Basi mpiga kengele akawa Petro, Bwana akawekewa bakuli la mtori wa ndizi, na kijiji kizima kikashikwa na adabu ya ghafla, maana kiti cha Yuda kilikuwa bado wazi. Bibi aliamkiwa shikamoo mara mbili mbili, na kuni zikafika mlangoni bila kuombwa.

Aliyekaidi ni shemeji yake Remigius, mdogo wa marehemu mumewe. Huyo alihamisha mpaka wa shamba hatua mbili ndani ya kahawa za Bibi, na akiulizwa anacheka. Bibi hakubishana naye. Alimchora Yuda mwenye pua ya Remigius na kovu la Remigius.

Loo, hapo ikawa kazi. Wajukuu wa Remigius walirudi kutoka mafundisho ya komunyo wakilia kwamba babu yao amemuuza Yesu. Ukuta ungebarikiwa Jumapili, na sura ile ingebaki pale hata babu mwenyewe akishazikwa. Ijumaa Remigius alirudisha mpaka, akakata jani la sale, akampelekea Bibi kwa mikono miwili. Sisi Wachagga tunajua kwamba anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Bibi alikuwa na hasira bado, tena hasira tamu, lakini akalipokea.

Tabu ilikuwa rangi. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni, na kwa Bibi lilibaki kopo moja la kijani, masalia ya ofisi ya kijiji. Kumfuta Remigius kulishindikana. Jumapili waamini walimkuta Yuda yule yule, ila mahali pa mfuko wa fedha ameshika jani la sale, anamnyooshea Bwana.

Padre alikunja uso, akasema Maandiko hayasemi hivyo.

"Najua, Padre," Bibi alijibu. "Lakini angekuwa wa Kilema angelileta. Na Bwana angefanyaje?"

Padre akachukua maji ya baraka.

Bibi alilala katika Bwana mwaka 1984, na hadi leo waliogombana hupatanishwa mbele ya ukuta ule. Tumwige pale alipopokea jani huku moyo unawaka. Ulimi wake tumwachie mwenyewe. Rangi iliporudi madukani, wazee wa kigango walitaka kumpa Yuda sura nyingine, kwa heshima ya Remigius. Mzee mwenyewe alikataa.

"Mwacheni," alisema. "Kila Jumapili watu wanamwombea huyu asamehewe. Mkimfuta, mimi nitaombewa na nani?"