"Uko," Nilimwambia

Niliacha shule kabla ya kumaliza msingi. Nimechunga ng'ombe wa watu Bijombo, nimepakia mihogo katika bonde la Ruzizi, nimeanika samaki wadogo wa ndagala ufukweni Uvira. Kila mahali nilikaa mpaka nilipojua kitu kinavyofanya kazi, halafu nikaondoka. Katika ofisi moja ya misaada hapa Uvira, sisi tunaita biro, nilikawia, kwa sababu ya dirisha jeusi.

Nilikuwa kibarua wa jenereta. Ilinguruma nyuma ya chumba cha seva, na fundi wa kompyuta, kabla hajahamishwa, alichoshwa na maswali yangu akaona heri anifundishe. Ndani ya seva mlikuwa na orodha ya wafanyakazi, wao waliiita annuaire. Ukiwa humo, kompyuta yoyote ya biro inakupokea. Ukitolewa, hakuna inayokujua. Kuuliza ni kazi ndogo: unafungua dirisha jeusi kwenye kioo cha kompyuta, unaandika getent passwd, kisha jina la mtu. Akiwa humo, mstari mmoja unatokea. Asipokuwa humo, hakitokei kitu, hata neno "hapana".

Wakubwa wetu walikaa ng'ambo, Bujumbura. Mkataba wako ukiisha hawakuambii, wanafuta jina. Barua inakuja baadaye, ikija. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi watu walinijia mmoja mmoja na sauti za chini: "Kaka, nitazamie." Nilitazama. Nilipenda sana kuombwa.

Karani wa mapokezi hakuniomba. Alikuwa mama wa kijiji cha Katogota, mwenye diploma na ulimi. Siku moja wakati wa chakula nilikuwa nawaeleza wenzangu namna orodha ile inavyofanya kazi, akaweka kijiko chini.

"Weye unatufundisha mambo ya machine, na mu machine hauko. Andika jina yako tuone."

Walicheka mpaka wali ukawatoka mdomoni. Ilikuwa kweli: vibarua hawakuandikwa. Tangu siku ile nikawa Hauko. Hauko, leta mazutu, mafuta yameisha. Hauko, zima jenereta. Hata mlinzi wa lango, aliyekuwa kibarua kama mimi, aliniita hivyo.

Kisha mvua ikaangusha antena iliyotuunganisha na ng'ambo. Fundi alikuwa ameniambia jambo moja kuhusu siku kama hizo: laini ikikatika, mashine yetu haisemi kwamba haijui. Inaendelea kujibu kwa kile ilichokumbuka mara ya mwisho. "Usiamini jibu lake," alisema. "Ngoja laini irudi." Hapo bironi nilibaki peke yangu ninayelijua hilo.

Alhamisi, mwisho wa mwezi, antena ikiwa bado chini, yule karani alinijia mlangoni pa chumba cha seva.

"Kaka," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Préfet, mkuu wa shule ya Katogota, amenichungia nafasi ya kufundisha. Anataka jibu mbele ya saa sita. Kama huku niko, ninabaki. Kama siko, ninaenda. Minye niko na watoto watatu, siwezi kukosa yote mbili."

Niliandika jina lake. Mstari ukatokea.

"Uko," nilimwambia.

"Kweli?"

"Soma mwenyewe. Ile si jina yako?"

Alisoma, kidole kikigusa kioo. Akatoa simu akapiga palepale, mbele yangu. "Papa préfet, asante sana. Mumupatie mwingine." Nilikuwa na muda wote ule wa kusema ngoja. Alipokata simu alinipiga bega akicheka. "Kumbe weye ni muntu!" Mchana akanipa nusu ya samaki wake, nami nikala.

Jumamosi antena ikasimamishwa. Jumatatu asubuhi kompyuta ya mapokezi ikamkataa, mara moja, mara mbili, mara tatu, mbele ya watu waliopanga mstari. Alikuja kwangu na nusu ya biro nyuma yake.

"Andika."

Niliandika. Hakikutokea kitu.

"Andika tena."

Niliandika tena, polepole, kila mtu aone kila herufi. Hakikutokea kitu.

"Alhamisi ilisema niko!"

"Alhamisi laini ilikuwa imekatika. Ilikuwa inakumbuka tu."

Alinitazama. "Na weye ulijua?"

Nilionyesha kioo kwa kidevu, nikasema, "Hauko."

Mlinzi ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, kicheko kilekile cha siku ya wali. Karani hakulia. Alichukua kikoba chake na termosi yake ya chai, akatoka langoni akasimamisha pikipiki. "Katogota, mbio! Nikamwone préfet mbele hajapata mwingine."

Mlinzi, ambaye pia ni wa Katogota, alikuwa ameniambia asubuhi ileile: mwalimu mpya ameingia darasani tangu Ijumaa. Barabara ya kwenda kule ni mbaya baada ya mvua, tope mpaka magotini. Pikipiki ilikwama kwenye dimbwi mbele ya lango, ikanguruma papo hapo kwa kitambo kizuri. Nilikuwa nimemfuata mpaka langoni, ningemfikia kwa hatua chache nikamwambia.

Nilikwenda kuwasha jenereta.