Kosa Moja kwa Kila Somo

Katika chuo cha uuguzi alikofundisha kwa miaka kumi na tisa, wanafunzi walimwita Mama Kosa, naye aliitika. Katika kila somo aliandika ubaoni kosa moja la makusudi, na darasa lilitakiwa kulikamata kabla ya kengele.

Nimekaa viti vya nyuma katika madarasa mengi nikitazama walimu wakifundisha, kwa lugha nne au tano, na karibu yote yalikuwa yamelala. Lake lilikuwa macho. Alinieleza chanzo chake jikoni kwake, chai ikipoa.

"Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasoma, wao wanaandika. Siku moja ulimi ukateleza, nikasema moyo wa mtu mzima hupiga mara mia saba kwa dakika. Wote arobaini wakaandika mia saba. Hakuna aliyeinua hata uso! Niliogopa, mdogo wangu. Niliona nimefuga kasuku."

Ndipo akaanza mchezo wa kosa. Mifano yake aliitoa wodi ya watoto, ng'ambo ya ua. Asubuhi alinakili uzito na dawa ya mgonjwa mmoja, darasa likapiga hesabu, na mchana wanafunzi wawili wakaenda kuvuta dozi hiyohiyo kwenye sindano mbele ya msimamizi wa wodi.

Jumanne moja aliandika: mtoto wa kilo 12, miligramu 2 kwa kila kilo, jumla miligramu 26. Dawa ina miligramu 40 katika mililita moja. Jibu, mililita 6.

"Mwalimu, hapo umetupiga changa la macho!" Aliyesema ni kijana waliyemwita Redio, kwa sababu hazimiki. "Mbili mara kumi na mbili tangu lini ikawa ishirini na sita?"

"Tangu asubuhi hii. Una uhakika?"

"Hata bibi yangu ana uhakika, na shule aliiona kwa nje tu."

Darasa likacheka, makofi yakapigwa. Mama Kosa akafuta sita ya ishirini na sita, akaweka nne. Madaftari yakafungwa pa, pa, pa, dakika nane kabla ya kengele.

Binti mmoja hakufunga lake. Walimwita Pamba kwa ulaini wa sauti yake. Alikuwa anautazama mstari wa mwisho, mdomo umefunguka kidogo.

"Pamba, funga bwana," Redio akamwambia. "Kosa la leo limeshapatikana."

Akafunga.

"Niliuona ule mdomo," Mama Kosa aliniambia. "Nikasema moyoni, kesho nitamsikiliza."

Mchana, katika chumba cha walimu, alitoa karatasi yake ya maandalizi ili aiweke kwenye faili. Jibu lililoandikwa pale lilikuwa 0.6. Alilitazama, kisha akarudi darasani polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. Ubao ulikuwa haujafutwa. Sita, bila nukta. Hilo hakulipanga.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Sindano ilikuwa saa nane u nusu. Alivuka ua akikimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma.

Kabla ya kufika mlangoni alimsikia msimamizi akifoka. "Wewe binti, nimekutuma vichupa vitatu vya dawa, umeleta kimoja. Hujui kuhesabu?"

Pamba alisimama kando ya kitanda, sinia ameikumbatia kifuani. Redio alishika bomba kubwa la sindano. Mama wa mtoto aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Dada, samahani," Pamba alisema. "Kichupa kimoja kina mililita mbili. Mtoto mdogo hivi, vichupa vitatu? Naomba tuhesabu tena."

"Darasa zima tumeandika sita," Redio akasema. "Na kosa tulishalitoa."

"Hesabu tena," Mama Kosa alisema kutoka mlangoni, akihema.

Redio alihesabu kwa sauti. Alipofika mwisho, ikatoka sifuri nukta sita. Aliliweka bomba chini kwa mikono miwili.

Mtoto alipata dozi yake, sehemu ya kumi ya ile ya ubaoni. Msimamizi akapangusa uso, akacheka kicheko kikavu. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi wa Mama Kosa, mwaka wa kumi tangu mwalimu aanze kufundisha.

"Mwalimu, umetutisha. Mimi nikiona hesabu imetoka kwako, siulizi." Alichomoa mfukoni daftari la zamani, jalada limeungwa kwa plasta ya hospitali. "Mifano yako yote ninayo. Ndiyo inayoniendesha hapa."

Mama Kosa aliliangalia lile daftari. Katika kila somo walikuwa wamekamata kosa lake na kupiga makofi. Baada ya makofi, nani alikuwa akiendelea kuangalia?

"Niazime," alisema.

"Lote?"

"Lote. Pamba, njoo ukae hapa na kalamu. Usiseme ndiyo mpaka uwe umehesabu mwenyewe."

Waliketi kwenye benchi la wodi, kiatu kimoja bado kikiwa uani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili pia, na wa tatu. Kwenye wa nne, kalamu ya Pamba ilisimama kwenye jibu lisilolingana na lake.