Karte ya Avenyu Nzima

Mama yangu alikuwa na karte moja tu ya kura, na avenyu nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa inaitumia. Sifanyi utani. Kwetu Kasongo karte ya kura ndiyo kitambulisho, hatuna kingine, na karte zenyewe zinafutika. Siku unayopewa uko na macho na pua. Misimu miwili ya karanga ikipita, sura imekwenda, jina limekwenda, umebaki kivuli. Ya mama haikufutika. Aliifunga ndani ya kipande cha kitenge, akaiweka katikati ya Biblia, wala haikuona jua bila sababu. Basi kila mtu aliyetaka kusajili sim mpya alikuja kwetu. "Mama, nisaidie karte kidogo." Mama anafungua Biblia, anaitoa.

Nilikuwa ninamgombeza. Mimi sina moyo wa mama yangu, niseme tu. Ninashona nguo sokoni, na mteja akinichelewesha anasikia. "Mama," nilimwambia, "jina lako limeshafika Kindu bila wewe!" Alicheka mpaka akakohoa. "Liache litembee, mwanangu. Mimi miguu inaniuma."

Sasa, mama alikuwa pia mwekahazina wa likirimba ya wamama wa kanisa. Kila Jumapili baada ya ibada kila mmoja anatoa kidogo, na mwisho wa mwaka wanagawana, wanunue mbegu, walipe masomo ya watoto. Zamani pesa ilikaa ndani ya sanduku. Halafu wezi walipozidi mjini, kiongozi wao, ambaye sote tulimwita Mama Prezida, akasema pesa ikae kwenye simu ya mama, maana simu haina mlango wa kuvunja. Mama Prezida alizaliwa Wamaza pamoja na mama, walilima pamoja tangu wasichana, waliolewa Kasongo karibu wakati mmoja. Ana sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Nilimpenda sana yule mama, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Asubuhi moja simu ya mama ilikufa. Simu yenyewe ilikuwa inawaka, lakini namba ilikufa, haiiti wala haiitiki. Tulikwenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu, tukapanga mustari, tukafika mbele ya dada mmoja mwenye kucha ndefu. Akabonyeza mashine yake. Akasema namba ya mama imehamishwa kwenye sim nyingine, huko upande wa Lusangi, kwa wachimba dhahabu. Mwanamke mmoja alikwenda kwa ajenti na karatasi ya kupoteza, ile ambayo ofisi za serikali zinakuandikia ukipoteza kitambulisho. Juu yake kulikuwa na jina la mama, jina la babu, mahali alipozaliwa, kila kitu. Picha tu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Akapewa namba, akabadilisha namba ya siri, akatoa pesa yote ya wamama.

"Kwa mashine yetu, mama, karte yako imepotea," dada akasema.

"Haijapotea. Iko hapa."

"Ninaiona iko hapa. Lakini imepotea."

Mama aliitazama karte yake, akamtazama yule dada, akanitazama mimi. Yesu wangu, sitasahau uso wake. Nikaanza kupandisha sauti, na dada naye akapandisha. Akageuza mashine kidogo. "Na tena huyu mwenye jina hili iko na namba nyingi sana. Anafanya biashara gani na namba zote hizi?" Tulikuja kushitaki wizi, tukatoka tunatazamwa kama wezi. Njiani mimi ndiye niliyesema, kwa ajili yetu wawili.

Jumapili ile sikwenda kanisani, nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Habari niliisikia kesho yake sokoni, kwa mwenye kuuza vitunguu. Wamama walikutana. Wengine walilia, wengine walisema vibaya. Mama Prezida alisimama akatamka kwa ile sauti yake kwamba pesa ya wamama haiwezi kwenda hivi hivi. Kama haijarudi mpaka mavuno ya karanga, parsele ya mama iuzwe. Na mama akasema ndiyo. Neno moja, ndiyo, akakaa.

Niliacha cherehani nikakimbia nyumbani. Parsele yetu ni nyumba ya matofali ya kuchoma na kipande cha shamba nyuma yake. Baba alifyatua yale matofali kwa mikono yake, akayachoma, akajenga, akaugua, akafa. Hatuna kitu kingine duniani.

"Ni ya baba!" nilipiga kelele. "Unawezaje kusema ndiyo?"

"Pesa ni ya watu," mama akajibu, anachambua sombe, majani ya muhogo ya kupika. "Waliniwekea mimi. Hawakumwekea mwizi."

Nililia kwa hasira. Yeye akaendelea na sombe yake, halafu akaniambia nikanawe uso, nile.

Mteja mmoja ndiye aliyenielekeza kwenye ofisi ndogo nyuma ya soko ambako watu wasio na uwezo wanasaidiwa mambo ya sheria bila malipo. Mle tulimkuta defansere, mtu mwenye ruhusa ya kukutetea mbele ya tribinali. Tulimwita Metre, kama wanavyoitwa watu wa sheria wote kwetu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, viatu vyekundu kwa vumbi, na mfuko umejaa karanga za kukaanga, anatafuna huku anasikiliza. Mama alipofika kwenye habari ya karte na avenyu, Metre aliacha kutafuna. Akacheka, akafuta macho.

"Mama, kumbe wewe si mutu mumoja. Wewe ni muji!"

Hata mama alicheka. Mimi nilitaka kumrushia zile karanga zake. Lakini alipomaliza kucheka aliongea vizuri, polepole, kwa maneno tunayoyaelewa. Kwanza tribinali itamke kwamba ile karatasi ni ya uongo na kwamba mama ndiye mwenye jina. Tukiwa na hukumu mkononi, tunarudi kwa kampuni, nao wanamdai ajenti wao aliyetoa namba bila kuuliza karte. "Shida ni moja," akasema, kidole juu kama mwalimu mkali. "Jaji atauliza hizi namba zote. Tukikosa jibu, watasema mama na yule mwizi wanafanya kazi pamoja. Wenye namba waje, kila mutu aseme yake."

Mama akakataa. Hapo hapo, mbele ya Metre. "Walikuja kwangu kwa moyo safi. Leo niwapeleke kwa jaji? Wakifungwa je?" Metre akamweleza kwamba wakijitokeza wenyewe kabla polisi hawajawatafuta, wataonywa tu. Mama akatikisa kichwa. Jina la mtu hata mmoja hakulitaja, si kwa Metre, si kwangu.

Basi nilikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, kwa wale niliowahi kuwaona wakiomba karte. Jamani, watu! Dereva wa pikipiki ambaye kila siku anapita kwetu kunywa maji alipatwa na homa aliponiona. Mwingine akasema yeye hajui kabisa mambo ya simu. Jirani yetu anayeuza mawese akaapa kwamba simu yake ilianguka chooni zamani, na tukiwa bado tumesimama pale ikalia ndani ya kitenge chake. Tulitazamana. Ikalia mpaka ikanyamaza. "Ni ya mume wangu," akasema. Nilimwambia amsalimie mume wake, ambaye wote tunajua yuko Bukavu. Kwa Mama Prezida sikwenda. Sikujua kama naye alikuwa na namba kwenye jina la mama, na hata ningejua, miguu isingenipeleka.

Siku ya tribinali mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Chumba kilikuwa kidogo, chenye joto. Metre alisimama akaongea kirefu, kidole juu, na mara hii nilikipenda kile kidole. Jaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye subira. Aliangalia karte, akaangalia uso wa mama, akaangalia tena.

"Na wenye hizi namba wako wapi?"

Benchi letu lilikuwa na mtu mmoja, mzee jirani anayesukuma makaa kwa baisikeli. Akainuka, akasema namba yake imesajiliwa kwa jina la mama na hajawahi kuitumia vibaya. Jaji akamshukuru. Akasema shahidi mmoja ni mmoja tu, kesi ingoje mpaka wengine wapatikane. Mimi nilihesabu kichwani. Karanga zilikuwa zimeshaanza kukomaa. Kungoja maana yake ni nyumba kwenda.

Ndipo nikasikia ile sauti nje, inamwambia polisi wa mlangoni apishe. Mama Prezida akaingia, anahema, jasho usoni. Nilijua amekuja kumwambia jaji habari ya parsele.

"Muheshimiwa," akasema, "namba yangu iko kwa jina la huyu mama. Miaka mingi sasa. Karte yangu ilifutika, akanipa yake, hakuniuliza kitu. Kila Jumapili ninamtumia pesa ya wamama kwa jina lake mwenyewe." Akatoa simu yake, akainyoosha mbele. "Nilisimama mbele ya wamama nikasema auze nyumba. Na hii ilikuwa ndani ya mfuko wangu. Yeye alijua. Alinitazama tu, akasema ndiyo."

Sauti ikamkatika. Sijawahi kumsikia yule mama akikosa sauti. Nyuma yake wamama wengine wakaanza kuingia na vitenge vyao vya kanisa, kila mmoja na simu yake, na jirani wa mawese akiwa wa mwisho, simu ya mume wake mkononi, hanitazami. Nilimgeukia mama. Alikuwa anaangalia miguu yake, machozi yanamdondokea kwenye kitenge cha Pasaka. Kumbe wakati wote ule alijua! Nilitaka kumkumbatia na kumgombeza pamoja.

Jaji alitugombeza sote, hata sisi tusiokuwa na kosa. Kila mmoja akatafute karatasi zake na kusajili namba yake mwenyewe. Halafu akatamka kwamba ile karatasi ya Lusangi ni ya uongo na mama ndiye mama. Metre akaenda na hukumu kwa kampuni, akarudi, akaenda tena. Ajenti alilipa vipande vipande, huku analalamika, na kila kipande kilipoingia mama alikipeleka siku ile ile kwa wamama, hakikulala kwetu. Cha mwisho kiliingia karanga zikiwa bado ardhini. Mwizi mwenyewe hatujamwona mpaka leo. Mara nyingine sokoni ninamwangalia mwanamke nisiyemjua, ninajiuliza kama ni yeye anayetembea na jina la babu yangu.

Mama na Mama Prezida walisalimiana kwa mbali, kanisani, kwa kichwa tu. Neno la pole halikutoka. Mimi nilikuwa nimeweka maneno yangu tayari, mengi, mazuri, ya kumchoma mtu. Nilingoja tu siku.

Msimu wa kupanda ulipofika, asubuhi moja nikamwona Mama Prezida anaingia kwetu na jembe begani. Hakubisha hodi. Alipita pembeni ya nyumba, akaenda mpaka shamba la nyuma, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kulima kutoka mwanzo wa mustari. Nikatoka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wakati mama aliponishika mkono.

"Nyamaza."

"Mama, alitaka hii parsele iuzwe! Leo anakuja kuilima, bila hata kusema—"

"Anasema sasa. Angalia." Tukasimama pale. Mama Prezida alikuwa analima kwa haraka, hainui kichwa, udongo unaruka. "Mupelekee maji," mama akasema.

Nikampelekea. Aliyanywa yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili kama mgeni. Nikakiweka chini, nikaenda kuchukua jembe langu.