Kirundo cha Udongo na Karoti za Shangazi

Nakumbuka siku moja, enzi za ujana wangu, yaani likizo ya mwezi wa sita iliyopita. Wewe mwanangu ulikuwa bado darasa la saba, unadhani sekondari ni mahali pa kupumzika. Leo mimi ni kidato cha nne, kidevuni nina nywele mbili, na zote nimezipata kwa taabu. Vuta jiwe ukae, nikupe nasaha kabla kengele haijagongwa.

Nilikuwa na ukurasa wangu mtandaoni, nikauita Habari za Ukungu. Niliandika visa vya kijijini kwetu, juu kidogo ya Soni: mbuzi aliyekula daftari la mahudhurio, bwana harusi aliyeteleza kwenye utelezi akafika ukweni kwa makalio. Visa vizuri. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyesema. Wasomaji wangu walikuwa binamu zangu, na mmoja wa hao binamu alikuwa mimi kwa akaunti nyingine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Changu kilikaa tu, hakijiuzi wala hakitembei.

Basi siku hiyo tulikuwa mtoni tunaosha karoti za shangazi Zaina, anayenilea mimi na baba yake mzee, yaani babu yangu. Kama hujawahi kuosha karoti milimani mwezi wa sita, mshukuru Mungu. Unazitia kwenye gunia, unaingia majini, unazikanyaga mpaka udongo utoke na miguu isiwe yako tena. Na jambo la kujua ni hili: karoti yenye udongo wake ina subira, lakini ikishaoshwa haina. Kesho yake asubuhi lazima fuso lipande kutoka Mombo lizichukue, la sivyo zinaanza kulegea kama masikio ya sungura. Msimu mzima wa shangazi ulikuwa ndani ya magunia yale: sare yangu, mchele wa sikukuu na bati la jikoni, maana lile la zamani lilikuwa linatunyeshea ndani ya ugali.

Wakati wa kupumzika nikaona, kando ya njia ya miguu, ukingo umeporomoka kidogo. Kirundo cha udongo, mwanangu, kimo chake goti langu. Juu yake alisimama kuku. Nikamfukuza kuku, nikalala kifudifudi, nikapiga picha kutoka chini kabisa, na kirundo kikawa mlima. Nikaandika kisa cha kuchekesha kuhusu njia iliyofungwa na udongo mpaka kuku wakakosa kupita kwenda kwa jirani. Kichwa cha habari nikakipa uzito wake: MLIMA WAMEZA BARABARA YA LUSHOTO! Kisha nikazima simu. Nilikuwa natunza chaji, na pia nilitaka laiki zijikusanye gizani kama maziwa ya mgando.

Zilijikusanya.

Asubuhi magunia yamepangwa kando ya lami, ukungu umetanda, sisi tumejifunga khanga na makoti, tunalisubiri fuso. Likapita basi. Likapita lori la mbao. Zikapita bodaboda. Fuso hakuna. Shangazi akampigia Singano, mnunuzi wetu wa Mombo, akaweka sauti ya nje.

"Dada Zaina, pole sana na maafa," Singano akasema. "Watu wote salama?"

"Maafa gani? Karoti ziko hapa, gari liko wapi?"

"Gari nimeligeuza, dada. Linaondoka saa nne kwenda kutafuta vitunguu. Barabara si imemezwa na mlima?"

"Mlima upi? Mimi nimesimama barabarani!"

"Dada, usinifiche. Picha nimeiona kwa macho yangu. Hata mama mkwe kanitumia."

Shangazi akaitazama barabara. Barabara nayo ikamtazama. Basi la pili likapita likipiga honi. Halafu, taratibu, kama mtu anayegeuza chapati, akageuka kunitazama mimi. Mdomo uliponza kichwa, mwanangu, ila siku hizi ni kidole.

Nikawasha simu. Ililia mfululizo kama jogoo aliyechanganyikiwa. Watu wasiohesabika wameshea, wanauliza: "Daraja limebaki?" "Kaka yangu yuko njiani, kuna njia nyingine?" "Ni upande wa Soni au kule Kifungilo?" Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye kuku. Kichwa cha habari walikibeba, kisa wakakiacha pale pale.

Nikaandika haraka: "Barabara iko wazi. Samahani kwa usumbufu." Unajua nani alishea? Binamu. Na binamu huyo, unamfahamu.

Hapo ndipo babu akafika na fimbo yake, amevaa koti juu ya koti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ni wewe uliyeimeza barabara?"

"Babu, ilikuwa utani, mwisho wa kisa niliweka..."

Akanikatiza kwa Kishambaa. Babu akihamia Kishambaa kabla ya chai, wewe nyamaza, hesabu vidole vya miguu. Alipomaliza akarudi kwenye Kiswahili, ili nami nipate kupumua.

"Mimi nilikuwa mpiga pembe wa msaragambo hapa. Pembe ikilia, kijiji kizima kinatoka na majembe kwenda kutengeneza njia au mfereji. Unajua nikishapiga nilikwenda wapi?"

"Nyumbani?"

"Nyumbani kwa nani? Nilibaki pale pale kwenye jiwe mpaka afike wa mwisho. Maana hakosi mmoja anayekuja na sanda amesikia msiba, na mwingine na rungu amesikia mwizi. Mpiga pembe yupo, anawaambia. Wewe umepiga pembe ukaenda kulala!"

Shangazi akadakia, "Na kapiga na chumvi juu!"

"Nimeshawaambia ukweli, babu," nikajitetea, "lakini hawausomi."

"Kwa sababu umeuandika kama tangazo la kukatika maji. Ile picha uliipigaje?"

"Nimelala kifudifudi."

"Kapige tena. Umesimama."

Nikakimbia, mwanangu, mbio za mtu anayefukuzwa na bati linalovuja. Kirundo kilikuwepo, na kuku, Mungu ampe maisha marefu, alikuwa amerudi juu yake. Nikapiga nimesimama, goti langu likionekana, nikaweka picha zote mbili pamoja. Nikaandika: "Huu ndio mlima. Huyu ndiye manusura. Mwandishi alipiga picha ya kwanza amelala, sasa shangazi amemsimamisha. Barabara ni nyeupe, karoti zimeoshwa, fuso linahitajika kabla mwandishi hajaoshwa yeye."

Sikuizima simu. Nilikaa juu ya gunia, nikamjibu kila aliyeuliza. Yule mwenye kaka njiani nilimjibu kwanza. Shangazi alisimama nyuma yangu akisoma kwa sauti: "Huyu hujamjibu! Mjibu! Na mwambie shikamoo, huyo ni mtu mzima, angalia picha yake."

Simu ya Singano ikaingia kabla ya hiyo saa nne, akicheka mpaka anakohoa. "Dada Zaina, gari linapanda. Ila huyo kijana asiwe amelala nikifika."

Fuso lilifika mchana. Magunia mengi yakaenda. Mawili ya chini yalikuwa yameshalegea, tukayala sisi: karoti kwenye wali, karoti kwenye maharage, siku moja karoti kwenye chai, na sikuthubutu kuuliza.

Basi shika haya, mwanangu unayetaka kuandika mtandaoni. Kichwa cha habari kiwe mlango wa nyumba iliyopo, kwa sababu wengi wataishia mlangoni. Usidhani msomaji wako ni binamu tu. Yupo dereva, yupo mgonjwa anayesubiri gari, na yupo mama mkwe wa Singano, huyo kazi yake ni kutuma. Ukweli nao uupambe, usiuache uende sokoni na matambara. Na ukishabonyeza, kaa hapo ujibu watu.

Mwenyezi Mungu akujalie bando lisilokatika katikati ya sentensi, na wasomaji wanaofika mpaka kwenye kuku. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akukute umesimama, simu imewaka, na una shangazi nyuma yako. Amina. Haya, kimbia, mwalimu wa zamu anakuja.