Sindano Haikumwona Mzee wa Kisima

Mwaka wa pili wa uhuru, wakubwa walitaka kujua watu wa Kwale walikuwa wakisema nini miaka yote ile, kana kwamba tulikuwa tukinong'ona. Ofisi ikafunguliwa, masimulizi ya vijijini yakapigwa chapa kwenye kadi zenye matundu pembeni, kila tundu na jina au jambo lake. Jambo likitajwa kwenye kadi, tundu lake hukatwa mpaka ukingoni. Ukitaka habari, unapitisha sindano ya kufumia, unainua rundo, na kadi zenye habari hiyo zinaanguka mezani. Maendeleo hayo!

Mkata matundu na mpanga maswali alikuwa Kahaso, aliyeolewa Msambweni, na kwa kujisikia usiombe. Hakuamini swali kabla ya kulijaribu. Alipitisha sindano kwenye tundu la mikoko. Kadi za Bodo, wanakoishi ndani ya mikoko, zisipoanguka, swali lilipangwa upya. Mkubwa wake, Bwana Masila kutoka bara, alimsifu mpaka akavimba kichwa.

Kikaja kitabu cha historia ya wilaya. Nani alichimba kisima cha kijiji alikoolewa Kahaso? Chome, diwani mwenye domo, alikuwa ameshadai ni yeye. Wengine walisema ni Mwero, baba mkwe wa Kahaso. Masila akaamuru Mwero atafutwe. Sindano ikapita, rundo likainuliwa, haikuanguka hata kadi moja.

Ajabu gani? Habari za kisima zilisimuliwa na wake wa wana wa Mwero, na kwetu mke hataji jina la baba wa mumewe hata nyumba ikiungua. Walisema "yule mzee", basi. Na Kahaso, bingwa wa kujaribu maswali, alipofika kwenye tundu la mkwewe mkono ulikufa ganzi kwa adabu, akaliruka. Hilo hakulijaribu kamwe.

Mwero akaja mwenyewe. Masila akamweleza kwa upole kwamba ametafutwa, hayumo, ataandikwa Chome. Mzee kasimama mzimamzima, na hayumo! Kahaso aliona aibu ya kufa. Alimpenda mzee huyu kuliko baba aliyemzaa, na sasa alikuwa amemzika angali hai, kwa heshima zote.

Akasema "yule mzee" wa kwenye kadi ndiye huyu baba. Masila akajibu kwamba ushahidi ni jina, si kidole.

Mzee akamgeukia mkaza mwanawe. "Mwanangu, nitaje."

Kahaso akajifunika uso kwa leso. "Mwero."

Masila, kalamu mkononi, akamwomba arudie, hakusikia vizuri.

"Amesema," mzee akamkatiza. "Hatasema tena. Andika."